Kwa nini barua pepe inawafikia saa nzima nyuma ya habari

Nawaandikia toka Uvira. Mama mmoja aliyekimbilia kambi ya Musenyi, kule Rutana nchini Burundi, alinipigia simu: «Papa, dada yangu wa Kalundu aliisoma habari yako saa mbili asubuhi. Mimi barua pepe imenifikia saa tatu. Sisi wakimbizi unatuficha nini?»

Swali ni la haki, na wengi mnalo. Sifichi kitu. Nimepanga hivyo mwenyewe. Nikiweka habari mpya, programu inaandaa barua pepe ya kuwajulisha, kisha inaiacha foleni saa nzima. Walio hapa mjini huisoma mara moja, na ndio wanaonisahihisha, maana wanaweza kutoka nje wakaangalia kwa macho. Saa ikitimia, programu inaisoma habari upya kabla ya kutuma. Nikiwa nimerekebisha, mnapata iliyorekebishwa. Nikiwa nimeifuta, haitumwi. Kama ingeshikilia tu yale maneno ya kwanza, mngepata kosa lilelile, ila kwa kuchelewa.

Gmail nao wana kitufe cha kurudisha barua iliyokwisha tumwa, lakini muda wake hauzidi sekunde 30. Kwa sekunde 30, mtu wangu wa Sange hata simu hajaitoa mfukoni.

Chukueni habari ya barabara. Dereva wa pikipiki ananiambia kizuizi kimeondolewa kwenye Barabara ya Taifa nambari 5. Nampigia wa pili: wanapitisha watu wa miguu tu. Wa tatu anasema ni asubuhi tu, mchana wanafunga. Baba mwenye watoto watano akisoma lile la kwanza, anafunga mizigo, anakopa nauli hadi mpaka wa Kavimvira. Nikituma sahihisho nusu saa baadaye, simu yake imezimwa. Kuchaji ni kwa pesa, na wengi wenu mnawasha simu mara moja kwa siku. Ile mtakayoikuta siku hiyo ndiyo mtakayoifuata.

Majina ya waliofariki yanasubiri zaidi ya saa, mpaka nijue familia imeambiwa. Makundi ya WhatsApp yakinitangulia, yatangulie.

Maji ni jambo lingine. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba kwa maelfu na kuua watu kwa makumi. Onyo la maji halikai foleni hata dakika moja. Tena halianzi kwa barua pepe, maana aliyelala hasomi. Naanza na redio, halafu nawapigia wakubwa wa avenue zilizo kando ya mto. Barua pepe inafuata, kwa ajili yenu mlioacha wazazi huku, ili muwapigie nanyi.

Kuanzia juma hili, juu ya kila barua pepe nitaandika nyakati mbili: nilipoweka habari, na barua ilipotumwa. Mkiona zimepishana kuliko saa nzima, nipigieni mniulize.