Fundi wa Altmannstein

Wako watu wasemao kwamba fundi na msanii ni watu wawili mbalimbali: huyu hutengeneza meza, yule huumba uzuri. Mimi sikubaliani nao, na shahidi wangu ni Ignaz Günther, mchongaji wa sanamu za makanisa wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, aliyeishi siku za mwisho za mtindo wa baroki.

Günther alizaliwa Altmannstein mwaka 1725. Baba yake alikuwa seremala, na karakana ya baba ndiyo iliyokuwa shule yake ya kwanza. Mwaka 1743 alikwenda München kujifunza kwa Johann Baptist Straub, akakaa naye miaka saba. Kisha akatangatanga kutafuta ujuzi hata akafika chuo cha sanaa cha Vienna. Mwaka 1754 mtawala wa Bavaria alimruhusu kufanya kazi München bila kufungwa na masharti ya chama cha mafundi.

Lakini linipendezalo hasa ni jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika. Mti wake ulikuwa linde, mwepesi na laini, utiio patasi. Mgongo wa sanamu hukombwa ukawa na uwazi kama mtumbwi, kwa kuwa gogo zima likikauka hupasuka. Kisha hupakwa chaki iliyochanganywa na gundi, ndipo huja rangi na dhahabu, mara nyingi kwa mkono wa fundi mwingine. Hivyo basi, waumini waliopiga magoti mbele yake hawakuuona mti, wala alama ya patasi. Sijui wasanii wangapi wangekubali hayo!

Wepesi ule ulikuwa na faida yake. Sanamu zake za Malaika Gabrieli akimpasha habari Bikira Maria, za mwaka 1764, zilizomo katika kanisa la Weyarn, zilichongwa ili zibebwe katika maandamano. Nyumba ya watawa ya Weyarn ilivunjwa mwaka 1803, kama nyingi nyingine za Bavaria. Kanisa likabaki kuwa la parokia, na sanamu zikasalimika.

Mwaka 1774 alichonga, kwa ajili ya kanisa dogo la makaburini huko Nenningen, Bikira Maria akimpakata mwanawe aliyekufa. Hapo madaha yote ya baroki yamenyamaza. Mama amemwinamia mwana, basi. Mwaka uliofuata Günther alifariki München, hajatimiza miaka 50.