Jina lisilochekwa



Padri mmoja Mwitalia, mzee wetu, alipata kutoka kwao nakala za vitabu vya parokia, zenye majina ya ukoo wake. Macho yake hayaoni tena maandiko madogo. Akatuomba sisi tumsomee, kwani katika seminari tulijifunza Kilatini.

Vitabu vya namna hiyo ni hazina. Mtaguso wa Trento uliwaamuru maparoko mwaka 1563 kuandika ndoa na ubatizo. Serikali ya Italia ilianza daftari zake mwaka 1866 tu.

Tulisoma, tukapotea. Tulihesabu ndugu wawili, Aloysius na Luigi. Padri akatuambia: “Huyo ni mtu mmoja. Paroko alimwandika kwa Kilatini, mama yake alimwita kwa Kiitalia.” Vilevile Jacobus ni Giacomo, na Hieronymus ni Girolamo. “Jo.es” ni Joannes aliyefupishwa, ndiye Giovanni. Natale ni jina la Noeli, Pasquale la Pasaka. Settimio maana yake ni wa saba.

Kisha tukakuta Sperindio. Tukacheka. Padri hakucheka. Akasema: “Someni mistari ya juu.” Tukasoma: wazazi wale wale, watoto watatu waliobatizwa, na kando ya kila jina msalaba mdogo wa mauti. Wa nne ndiye Sperindio, yaani “Umtumainie Mungu”. Ndiye babu wa babu yake Padri.

Tulinyamaza, kwa sababu tulikumbuka kosa letu. Zamani kidogo mama mmoja alitaka mtoto wake aandikwe Maria Sikujua. Tulimjibu kwamba jina hilo la pili si la heshima, tukaandika Maria peke yake. Sababu hatukumwuliza.

Kesho yake tulikwenda kwake kumwomba radhi. Akasema: “Mwalimu, baba yake alikufa mimi nikiwa na mimba. Sikujua kama nitaweza kumlea peke yangu.” Mtoto alikuwa hapo, anacheza na majivu ya jiko.

Tulimweleza paroko, naye akaliongeza jina kitabuni kwa mkono wake.

Ndugu makatekista, tuandike majina yote, kwa herufi safi. Na jina likitushangaza, tusilicheke kabla ya kusoma mistari ya juu. Kama mistari haipo, mama yupo: tumwulize.