Barabara ya Zege na Jino Bovu

Zamani jino likikushika kwetu Mawengi, milimani, katikati ya masika, ulikuwa na sababu ya kutokwenda hospitali ambayo hakuna aliyeibishia: barabara. Lori la mahindi, nasi abiria juu ya magunia, liliteleza kwenye udongo wa mitelemko ya kuelekea Lusitu, likakwama palepale lilipokwama juma lililopita, vijana wakashuka na majembe na minyororo, utingo akatukana, ukungu ukashuka hadi dereva hamwoni aliye mbele yake, na ukifika Njombe, kama umefika, shavu ama limevimba hadi jicho limefunga, ama maumivu yametulia nawe umebadili nia, unanunua chumvi na mafuta ya taa, unarudi. Siku hizi kipande cha Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50, kimemwagwa zege. Njombe unakwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Na bado hatuendi.

Dawa za nyumbani tulizijua kwa mpangilio wake. Maji ya chumvi ya vuguvugu, kisha karafuu ikipatikana, kisha aspirini iliyosagwa na kushindiliwa kwenye tundu la jino (ikakuunguza fizi, ukawa na maumivu mawili), kisha ugoro wa babu. Yote yakishindikana, bibi aliwasha moto wa kufukiza. Aliweka jiwe kwenye makaa hadi likaiva, akalidondoshea mafuta, akalinyunyizia mbegu kavu za tulatula, akafunika kwa chungu kilichotoboka kitako na kuchomeka mwanzi kwenye tundu lile. Nawe, blanketi kichwani, ukaukinga moshi kwa jino bovu huku mate yakichuruzika kwenye bakuli la maji. Ulikuwa moshi mchungu, wa kukereketa koo. Mwisho bibi alisogeza koroboi na kukuonyesha viuzi vyeupe vikielea bakulini. "Unawaona, mjukuu wangu? Hao ndio waliokuwa wanalitafuna." Tuliwaona kabisa. Ukubwani nilikuja kufahamu kwamba vile viuzi ni viini vya mbegu zenyewe, huchomoka zikipata joto. Wadudu wa jino wa namna ile hawapo. Wapo bakteria, na hao hawaonekani bakulini. Hata hivyo jino lilipoa siku mbili tatu, na bibi hakudai hata senti.

Tusiitukuze mno zamani lakini. Ni zamani hiyohiyo iliyoleta habari ya "meno ya plastiki", ambapo sehemu nyingi za nchi watoto wachanga wenye homa na kuharisha walichokonolewa fizi ili kutolewa vijino ambavyo havijaota.

Kitu kimoja kilitulinda bila sisi kukiomba: sukari haikuwapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 iligawiwa kwa kipimo, kwa foleni, na mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine alipowaandama walanguzi hata ile ya magendo ikazidi kufichwa. Chai tukanywa kavu, au na asali kwa mwenye mzinga. Mtogwa, ulanzi mbichi wa mianzi, ulikuwa mtamu kweli, ila ni wa msimu, na ukilala unageuka mkangafu, kinywaji cha wakubwa. Tulilalamika sana. Meno yalistahimili. Ukaja wakati wa Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, rafu za maduka zikajaa, bigijii na pipi za kijiti zikafika hadi kwenye mlango wa shule. Kisha umeme wa LUMAMA, jina lililoungwa kutoka Lupande, Mawengi na Madunda, ukatuletea taa, na baada ya taa jokofu, na ndani ya jokofu soda baridi. Mimi siwezi kuulaumu umeme. Nasema tu kwamba barabara iliyomsogeza daktari ndiyo iliyoleta kreti za soda, na kreti zilitangulia.

Kinachotuzuia kwenda ni hofu, nayo tuliibeba kutoka zahanati. Mganga, mtu mpole sana nje ya kazi, alichemsha sindano ya kioo na koleo kwenye sufuria moja juu ya jiko la mafuta ya taa, nasi kwenye benchi la nje tukasikiliza vyuma vikigongana ndani ya maji yanayotokota, huku mzee mmoja akitukumbusha kwamba jino la juu lina mshipa wa jicho, ukiling'oa unapofuka. Ganzi ikiwapo, sindano yake ilikuwa nene. Isipokuwapo, walikuwapo wajomba wa kukushika mabega.

Leo sufuria hiyo haipo. Sindano ni nyembamba, ya kutumika mara moja. Tabibu ni binti wa umri wa mwanangu: "Shikamoo mzee, fungua mdomo." Lakini ganzi ina tabia yake, haishiki vizuri penye usaha, na sisi wa milimani tunapofika usaha umeshatangulia. Hivyo mwoga anachelewa, aliyechelewa anaumia, aliyeumia anarudi kijijini kusimulia, na wanaomsikiliza nao wanaahirisha. Zamani tuliahirisha kwa sababu ya matope. Sasa tunaahirisha kwa diklofenaki ya dukani.

Ninachokikosa ni paredi ya asubuhi, mwalimu wa zamu akipita mstarini kukagua kucha na meno, na wewe uliyesahau mswaki ukichuma kijiti njiani, ukikitafuna hadi kiwe nyuzi, ukisugua kwa unga wa mkaa hadi midomo inakuwa myeusi. Wajukuu wana kolgeti yenye ladha ya matunda. Wanaimeza. Hakuna anayewapanga mstari.

Jino linaloshtuka kwa maji baridi na kutulia ukishayameza, mara nyingi bado linazibika. Likifikia kukuamsha usiku, kwa kawaida kinachobaki ni kutibu mzizi au kung'oa. Kwa hiyo wewe unayetafunia upande mmoja tangu Pasaka, gari la asubuhi la Njombe lipo, na barabara ni ya zege. Panda kabla shavu halijavimba.