Picha Mbichi ni Akiba

Siku hizi haikosi nyumba ambayo kijana wake mmoja ana kamera. Kijana huyo huitwa katika arusi, katika maulidi na katika sherehe za madrasa, naye hupewa amana kubwa, kwani siku ikishapita hairudi. Kwa hiyo nimeona yafaa nieleze jambo nililojifunza kwa mpwa wangu, ambaye ni mpiga picha hapa kwetu Liparamba.

Wapiga picha wa zamani walisafisha filamu, wakapata negativu, na kwayo wakatoa picha za karatasi. Bwana Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio huko Unguja mwaka 1930, na baadaye mwanawe Rohit akairithi kazi hiyo. Katika studio za namna hiyo mteja alikwenda na karatasi yake, na negativu ikabaki. Karatasi ikiliwa na mchwa, nyingine yaweza kutolewa.

Kamera ya leo haina filamu. Ndani yake mna kibao chenye vijicho mamilioni, na kila kijicho hupima nuru iliyokiangukia. Juu yake pana vichujio vya rangi, kwa mpango wa Bwana Bryce Bayer wa Kodak, aliyepewa hataza yake mwaka 1976: katika kila vijicho vinne, viwili ni vya kijani, kimoja chekundu na kimoja buluu. Vipimo hivyo vikiwekwa kama vilivyo, ndiyo picha mbichi. Nayo ndiyo negativu ya zama zetu. Lakini kamera ikiachiwa huipika yenyewe, ikatoa picha ya JPEG na kutupa mengi yaliyosalia. JPEG ya kawaida ina daraja 256 kwa kila rangi, hali picha mbichi ya biti 14 ina daraja 16,384.

Faida yake niliiona kwa macho yangu. Katika arusi moja hapa kijijini, bibi mmoja mzee aliketi kivulini chini ya mwembe, na nyuma yake wamesimama wanaume wenye kanzu nyeupe juani. Katika JPEG uso wa bibi ulikuwa kama kiza kitupu. Mpwa wangu akaifungua ile mbichi katika kompyuta, akaiinua nuru ya kivulini taratibu, na uso ukatoka, na makunyanzi yake na tabasamu lake. Miezi michache baadaye bibi alifariki. Wajukuu wake hawana picha yake nyingine.

Hata hivyo, picha mbichi haifanyi miujiza. Mahali palipoungua kwa nuru hapana kitu cha kurudisha. Ndiyo maana mpwa wangu alipunguza nuru alipopiga, ili zile kanzu zisiungue. Tena faili zake ni kubwa, hujaza kadi upesi, na zahitaji programu ya kuzisafisha. Asiye na fedha atumie darktable, itolewayo bure tangu mwaka 2009. Programu hiyo haiigusi picha ya asili. Huandika maagizo yako kando, nawe waweza kuanza upya hata baada ya miaka kumi.

Liko na jambo la ukweli. Katika mashindano ya World Press Photo ya mwaka 2015, picha moja katika kila tano zilizofika duru ya kabla ya mwisho ziliondolewa, kwa kuwa zilipolinganishwa na faili za asili zilionekana zimebadilishwa kupita kiasi. Ya asili ni shahidi. Mwenye kuitunza hahofu kuulizwa.

Basi enyi vijana, mkialikwa kazi, wekeni kamera ihifadhi mbichi pamoja na JPEG. Wapeni watu JPEG upesi wafurahi, na zile mbichi ziwekeni nakala mbili, katika nyumba mbili. Wahenga walisema akiba haiozi.