Mbwa na Mboga

Kijijini kwetu, kusini mwa Unguja, mtoto wa miaka minne alikuwa na chuo cha Kurani tu. Skuli ya maandalizi ilikuwa mbali. Mimi skuli nilikuwa nimeishia kidato cha pili, nasuka ukili barazani. Ndipo ukaja mpango wa Tucheze Tujifunze, ule wa vipindi vya redio kwa watoto wa Zanzibar, nami nikaombwa niwasimamie wa kijijini kwetu. Redio inaimba, inauliza, inanyamaza kidogo watoto wajibu, kisha inaendelea.

Kule kunyamaza ndiko kulikonigeuza mwalimu. Palikuwa na mtoto mmoja, ukimwita jina anainama. Mama yake akaniambia, “Mwalimu, huyu hasemi mbele za watu, muache.” Nikamuacha, wimbo haukumuacha. Alianza kwa kupiga makofi, akaja akadakia maneno ya mwisho, halafu wimbo mzima, maana katikati ya sauti za wenzake nani atamtazama yeye? Baadaye redio ikinyamaza, anajibu peke yake. Mapigo yalishamjulisha zamu yake inafika lini.

Tulipiga kofi kwa kila silabi. Ki-bo-ko, matatu. Mboga, mawili. Mbwa naye mawili, na hapo ndipo ulipozuka ubishi mtamu: iweje mbwa alingane na mboga? Nikawaimbisha polepole, m-bwa, mbo-ga, mpaka wakasikia wenyewe ile m ya mbwa inavyosimama peke yake. Walipoanza kuandika, sikupata kuona “mubwa” katika madaftari yao.

Mzee mmoja alikuja kulalamika kwamba nyimbo zitawaharibia watoto chuo. Aliyemjibu ni mwalimu wa chuo mwenyewe: watoto hawa masikio yao yamenolewa kwake, yeye anatangulia, wao wanafuata kwa sauti moja, na hakuna aliyehifadhi sura kwa kunong’ona. Mzee akanywa kahawa, akaondoka. (Mjukuu wake aliendelea kuja.)

Ukili niliuweka, nikarudi kusoma, nikapata cheti cha ualimu wa maandalizi. Darasani kwangu hakuna redio, kuna vifuu viwili vya nazi. Asubuhi siiti majina, nayagonga, na kila mtoto anayehisi ni lake anasimama. A-li na A-sha husimama pamoja, wakisukumana. Mwa-na-ha-mi-si ana mapigo matano peke yake, na anawaringia wenzake kwelikweli.