Barua niliyochelewa kuichoma

Wengi waliokuwa kambini pembeni ya Goma wananiuliza swali moja: barua tulizokuwa tunatia ndani ya mkebe wa radio ziko wapi leo? Je, kuna mtu anaweza kuzikamata akajua nani aliandika nini? Mna haki ya kuuliza. Leo ninajibu, ila jibu lina hadithi ndefu kidogo, na sehemu yake moja inanitia haya. Mnivumilie.

Nilipokuwa ninasoma uandishi wa habari, tulikuwa na mwalimu mmoja mzee, sisi wote tulimuita Prof. Zamani alisoma Ubelgiji. Kule Bruxelles kuna soko la vitu vikuukuu, Place du Jeu de Balle, watu wanatandaza mali chini kama pale Birere. Wenzake walinunua makoti na viatu. Yeye alinunua vitabu vya zamani, na zaidi kitabu kimoja tu, chapa baada ya chapa: Barua za Junius.

Siku ya kwanza alipotuonyesha, tulicheka. Vitabu vidogo, ngozi imepasuka mgongoni, karatasi ya rangi ya chai, tena juzuu zilizopoteza wenzake: hapa ya pili bila ya kwanza, pale ya kwanza bila ya pili. Alisema hakuwa na pesa za kununua seti nzima, kwa hiyo alinunua mayatima. Kulikuwa na moja ya Kifaransa, ndiyo aliyotusomea. Akatueleza habari yenyewe.

Kati ya mwezi wa kwanza 1769 na mwezi wa kwanza 1772, gazeti moja la London, jina lake Public Advertiser, lilichapa barua kali dhidi ya mawaziri wa Uingereza. Mwandishi alisaini Junius. Hilo halikuwa jina lake, na mchapaji wa gazeti, Henry Sampson Woodfall, naye hakumjua. Tarehe 19 mwezi wa 12 mwaka 1769, Junius alimwandikia mfalme mwenyewe, George wa Tatu, mbele ya wasomaji wote. Serikali haikuweza kumkamata mwandishi, ikawakamata waliochapa na waliouza. Muuza vitabu John Almon alipatikana na kosa kwa sababu tu barua hiyo iliuzwa dukani kwake. Woodfall alipelekwa kortini mwaka 1770. Jaji alitaka wazee wa baraza waseme ana hatia. Wao wakasema ana hatia ya kuchapa na kutangaza tu, basi. Neno hilo dogo, "tu", lilivuruga kesi, na mwisho Woodfall alirudi nyumbani.

Mwaka 1772 Woodfall alizikusanya barua katika juzuu mbili, Junius mwenyewe akasaidia kuzipanga. Pesa za mauzo alipewa nafasi ya kugawana, akakataa. Aliomba vitabu vyake tu, na seti moja alitaka ijaladiwe kwa ngozi nyeupe ya ndama. Watu wameitafuta seti hiyo kwa miaka mingi, maana mwenye nayo nyumbani angekuwa Junius. Prof alikuwa anasema kwa utani kwamba kila alipoona ngozi nyeupe pale sokoni, moyo ulimruka.

Lakini kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa juzuu moja ya chapa ya 1812. Hiyo ilitolewa na George Woodfall, mtoto wa yule mchapaji, juzuu tatu kwa jumla. Ndani yake aliweka na barua za siri ambazo Junius alimwandikia baba yake, pia kurasa zinazoonyesha mwandiko wa Junius jinsi ulivyokuwa, kila mkunjo wa herufi. Prof aliufungua ukurasa wa namna hiyo polepole, kama mtu anayefunua mtoto aliyelala. "Angalieni," alisema, "huu ni mkono wa mtu."

Kwenye rafu hiyohiyo aliweka fotokopi ya barua nyingine, ya kwetu: ile ya wabunge kumi na tatu kwa Rais Mobutu, mwezi wa 11 mwaka 1980, kurasa 52. Hao waliandika majina yao. Walikamatwa, wakapelekwa mbali na makazi yao. Prof hakutuambia nani alifanya vizuri zaidi, aliyesaini au asiyesaini. Alituuliza sisi tungefanya nini, na darasa likanyamaza.

Basi nikaambukizwa. Sikuwa na njia ya kupata vitabu vya 1772, lakini nilianza kutunza kila karatasi. Trakti zilizotupwa usiku barabarani, vibarua vya kulalamikia maji, bahasha zisizo na jina zilizosukumwa chini ya mlango wa radio. Nilizipanga kwenye farde, nikaandika tarehe kwa penseli, kama alivyofanya Prof.

Wahamaji walipojaa pembeni ya Goma, tulipeleka mkebe wa bati katika kambi moja upande wa magharibi, tukautoboa juu na kuufunga kwa kofuli. Tuliwaambia: andika shida yako, usiandike jina. Barua zilikuja. Nyingi ziliomba bashi, dawa, habari za ndugu waliobaki kijijini. Siku moja mwaka 2023 nikakuta moja ya mistari minane, bik ya buluu, ukurasa uliochanwa kwenye kaye ya shule. Ilisema jetoni za unga zinauzwa. Asiye na pesa anaambiwa jina lake halionekani kwenye listi, na mama mwenye watoto watano amerudi mara mbili na gunia tupu.

Niliuliza watu wengine watatu, kila mmoja peke yake, nao wakasema ni kweli. Nikaisoma kwenye mikro bila jina la mtu. Barua yenyewe nikaitia kwenye farde. Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana, herufi zimesimama wima. Nilifurahi kuwa nayo.

Siku nne baadaye wanaume wawili waliokuwa wanahusika na listi walinijia. Walikuwa wapole. Walileta soda. Wakasema: "Ndugu, watu wanasema radio yenu inatunga barua zenu wenyewe." Maneno hayo yalinichoma. Nilitaka kuonyesha kwamba mimi ni mwandishi wa kweli, situngi kitu. Nikafungua farde. Nikawaonyesha.

Mmoja aliitazama kwa muda mrefu kuliko mtu anayesoma mistari minane. Kisha wakanishukuru, wakaenda.

Wiki mbili baadaye alikuja mama mmoja na binti yake wa miaka 14. Binti huyo ndiye aliyekuwa anawaandikia majirani wasiojua kuandika. Hata majina ya familia za mstari wao alikuwa ameyaandika yeye, wale wanaume wakiwa wamesimama hapo. Kwa hiyo mkono wake waliujua. Ugawaji uliofuata, jina la familia yao halikuwepo. Usiku watu walikuja kukata kamba za kibanda chao. Walikuwa wamelala nje siku tatu, wakitafuta pa kuhamia. Mama hakunifokea. Alisema tu: "Kaka, tulifikiri barua inabaki na wewe."

Sikuwa na jibu. Tulifanya michango pale radio, wakapata bashi na nafasi mahali pengine. Lakini mnajua kwamba bashi hairudishi usingizi wa mtoto.

Usiku ule nilikumbuka kitu ambacho Prof alitusomea, nami nilikisahau. Woodfall na Junius walikuwa na utaratibu wao. Barua na vifurushi viliachwa kwenye mikahawa ya London, na mchapaji alitia alama fulani kwenye gazeti kumjulisha mwenzake kwamba kuna mzigo unamngoja. Mwaka 1771 Woodfall alimdokezea rafiki yake David Garrick, mwigizaji aliyejulikana nchi nzima, kwamba huenda Junius ataacha kuandika. Hakuwa na nia mbaya. Garrick akalipeleka neno, likafika hadi kwa mfalme. Junius akapata habari, akakasirika, akaamuru wabadilishe mkahawa wa kuachia barua, na mtu yeyote asiambiwe. Alijua kwamba akigunduliwa hatakuwa na siku nyingi. Hatari ilikuwa imetoka kwa mtu aliyemwamini, si kwa polisi wa mfalme.

Na ule ukurasa wa mwandiko katika chapa ya 1812, ambao sisi wanafunzi tuliuona kama hazina, ndio uliowapa wachunguzi njia. Mwaka 1816 mtu mmoja, John Taylor, alichapa kitabu akisema Junius ni Sir Philip Francis, aliyekuwa karani katika ofisi ya vita miaka ile ya barua. Francis alikuwa bado hai. Mwaka 1871, mtaalamu wa miandiko, Charles Chabot, alilinganisha herufi kwa herufi, akafikia jina hilohilo. Wengi leo wanaamini ni yeye, ingawa yeye hakukiri. Bahati yake ni kwamba kurasa zile zilitoka miaka arobaini baada ya barua ya mwisho. Binti yetu hakupewa hata mwezi mmoja.

Nilimpigia Prof simu, nikamweleza yote. Alikaa kimya hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema: "Mwanangu, mimi ninakusanya barua za watu waliokufa. Za kwako ni za watu watakaopanga foleni kesho. Hiyo si kazi moja."

Siku iliyofuata niliwasha babula nyuma ya nyumba. Nilichukua farde yote, nikakaa na kaye mpya. Kila barua niliinakili kwa mkono wangu mwenyewe, nikaondoa kijiji, idadi ya watoto, na neno lolote ambalo mtu mmoja tu analisema. Tarehe nilibakisha mwezi na mwaka. Kisha nikaichoma. Kazi hiyo ilinichukua siku mbili, na sitawadanganya, mkono uliniuma kuchoma. Kuna barua zilizoandikwa nyuma ya kikaratasi cha hospitali, moja kwenye karatasi ya pakiti ya sukari. Mtunza vitabu wa kesho angezipenda. Ile ya mistari minane niliichoma ya mwisho.

Tangu siku hiyo, ndio utaratibu wetu: barua inasomwa, inanakiliwa, inachomwa siku ileile. Akija mtu kuuliza mwandiko, hakuna mwandiko. Akisema tunatunga, tunamwambia aje kwenye mikro ajibu yaliyosemwa, muda wake upo.

Lakini niseme na upande mwingine, maana mkebe usio na jina unaweza kuwa na sumu pia. Tulipata barua zilizomtaja jirani kuwa mchawi, nyingine zilitaka tu kulipiza kisasi cha mkopo. Junius mwenyewe hakuwa malaika: Waziri Mkuu Grafton alimshambulia hadi mambo yake ya chumbani, ambayo hayakumhusu msomaji wa gazeti. Kwa hiyo mkiona barua yako haikusomwa, si lazima ni woga wetu. Tunauliza kwanza watu wawili au watatu. Tusipopata ukweli, tunaichoma bila kuisoma hewani.

Mwezi wa kwanza 2025 vita vilipofika ndani ya Goma, kila mtu alifunga alichoweza kubeba. Mimi nilikuwa na watoto, kasuku ya mchele, na kaye mbili. Nilitembea na kaye hizo bila hofu kubwa, kwa sababu mkono uliomo ni wa kwangu peke yangu. Ningekuwa na ile farde, ningekuwa ninatembea na miandiko ya kambi nzima mgongoni. Mwezi uliofuata kambi zilibomolewa, watu wakatawanyika, wengine Masisi, wengine hatujui. Maneno yao yamebaki kwenye kaye. Hilo ndilo jibu la swali lenu: barua hazipo tena, maneno yapo, na mikono yenu haipo popote.

Mkebe mpya tumeuweka. Atakayeandika asisaini, na kama kuna mtoto anayewaandikia ninyi wengi, msimtume yeye kuutia. Mwambieni aandike kwa herufi kubwa, au mje mniambie kwa mdomo.

Yule mama alinipigia simu mwezi jana. Wako hai, binti anasoma. Aliniuliza kama bado nina ile barua. Nikamwambia imechomwa. Akasema, "Vizuri." Kisha akaniomba nimsomee tena. Nikafungua kaye ukurasa wa kwanza, nikamsomea mistari minane, na yeye akasikiliza hadi mwisho.