Kadi zenye Picha za Vita



Kadi ya salamu ni kitu kidogo, walakini huingia nyumbani mwa mtu kwa niaba yake aliyeipeleka, tena hukaa juu ya kabati siku nyingi kuliko mgeni mwenyewe. Desturi hii si ya zamani sana. Kadi ya kwanza ya Krismasi iliyochapwa ili iuzwe ilitoka London mwaka 1843. Bwana Henry Cole ndiye aliyeiagiza, na mchoraji John Horsley akatia picha ya jamaa wakisherehekea pamoja mezani. Tangu hapo wachapaji wametafuta picha za kila namna: maua, ndege, hori la Bethlehemu, na hata vita.

Pakiti ya kadi za vita ilitufikia hapa Mlalo kabla ya Pasaka, zawadi ya mgeni aliyepita. Ndani hazina neno lo lote. Nje zina picha zilizotolewa katika kitambaa cha kale cha Bayeux, mji wa Ufaransa. Mwalimu mmoja alipoziona alisema hazifai katika nyumba ya Kikristo, afadhali zitiwe motoni. Sisi tulitaka kwanza kujua ni picha za nini.

Kitambaa chenyewe kina urefu wa karibu mita 70, na upana wa nusu mita tu. Kilishonwa kwa sindano, nyuzi za sufu juu ya kitani, katika karne ya 11. Chaeleza jinsi William wa Normandy alivyovuka bahari mwaka 1066, akapigana na Harold, mfalme wa Waingereza, huko Hastings, akamshinda. Wenye elimu wengi hudhani kwamba aliyekiagiza ni Odo, askofu wa Bayeux, ndugu yake William kwa mama. Naye askofu huyo yumo vitani juu ya farasi, rungu mkononi! Wanafunzi wetu wa ubatizo walituuliza sana habari zake, wala hatukuona sababu ya kumtetea. Watu wake wamevaa dirii na chapeo, vitu tuvijuavyo kwa jina tu katika Waraka kwa Waefeso. Watoto wao walipenda farasi, maana wako wa rangi ya buluu, na miguu ya upande wa pili ina rangi nyingine.

Tulipozipanga kadi mezani tuliona jambo. Mchapaji, kwa kuwa karatasi yake ni ndogo, amechukua farasi na mikuki, akakata pindo la chini. Na katika kitambaa chenyewe, pindo hilo ndilo lenye maiti: wengine wamelala wamekatwa, wengine wanavuliwa dirii zao na walio hai. Mshonaji hakuwaficha. Aliyewaondoa ni mwenye mkasi, naye alifanya hivyo ili kadi ipendeze.

Neno hili latuhusu sisi wa Usambara. Kimweri ye Nyumbai alipofariki, yapata mwaka 1862, haukupita muda mrefu wazao wake wakapigana wao kwa wao, na nchi ikaharibika. Watu walikamatwa, wakateremshwa pwani kuuzwa, ili bunduki na baruti zipatikane. Abdallah bin Hemedi aliziandika habari za watawala hao katika kitabu cha Habari za Wakilindi. Walakini sisi tunaposimulia, twataja Semboja na wenziwe, nani alimpiga nani, na waliouzwa hatuwataji.

Basi, palikuwa na jamaa ng'ambo ya kijito ambao tulikuwa na shauri nao la mpaka wa shamba, tangu mvua zilipokihamisha kijito kile. Wazee walikuwa wamekwisha kutupatanisha. Tulitaka kuwaandikia salamu za Pasaka, na kadi nyingine hatukuwa nazo. Lakini je, tuwapelekee mtu mwenye mkuki? Wangeweza kusema kwamba twawaletea vita katika bahasha, na kazi yote ya wazee ingepotea.

Shangazi yetu, aliyekwisha kuwa mkongwe, akazitazama zote polepole. Akatoa moja ambayo hatukuijali: nyumba yateketea, watu wawili wanaitia moto kwa mienge, na chini yake mwanamke anatoka amemshika mtoto mkono. Akasema, "Pelekeni hii. Bibi yangu alishikwa mkono hivi, akapandishwa mlimani usiku. Wale wa farasi ni wapita njia tu."

Tukaiandika hiyo, tukampa kijana aivushe.

Siku ya tatu mama wa nyumba ile akaja mwenyewe, na kikapu cha matunda damu kichwani, na kadi katika khanga. Alitaka kujua wale wenye mienge ni nani. Tukamweleza habari za William na Harold. Akauliza, "Na huyu mama na mwanawe, walifika wapi?" Tukamjibu kwamba kitambaa hakisemi. Akaketi karibu na shangazi, wakaanza kuhesabiana, kwa Kishambaa, majina ya watu wa kwao waliokimbia na ya wale ambao hawakurudi. Tuliwaacha hapo tukaenda kupiga kengele ya jioni, na tuliporudi walikuwa bado hawajamaliza.